Kikombe cha Buni Njema

Nataka kuwauliza neno, nalo lahusu kikombe cha kahawa.

Sisi tukaao katika mashamba ya migomba ya Kilimanjaro twaijua sana buni. Twachuma zilizoiva, twazimenya, twaziloweka, twaziosha, twazianika. Kisha njema zote huingia guniani kwenda kuuzwa. Ndivyo ilivyokuwa hata kabla ya mwaka 1933, wakulima walipounda chama chao kikuu cha ushirika, K.N.C.U. Zibakizo nyumbani ni zile zilizoelea majini, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu. Hizo ndizo tunywazo, tukinywa. Wengi hupenda chai.

Siku moja nalikwenda kumzuru mzazi wa mwanafunzi wangu. Mama wa nyumba akachota makonzi mawili ya buni njema guniani. Akazikaanga chunguni kwa moto mdogo, akizikoroga pasipo kuacha, hata zikawa kahawia na kuanza kualika. Akazipoza ungoni, akazitwanga papo hapo, maana kahawa iliyotwangwa juzi harufu yake imekwisha kwenda zake. Maji yalipochemka akayaepua kwanza, akatia unga, kijiko kwa kikombe, akafunika, akangoja mashapo yatulie. Hakuichemsha tena na tena kama wafanyavyo wengi, wakaifanya chungu kama shubiri. Haikutaka hata sukari.

Mumewe aliporudi akasikia harufu, akamkemea mbele yangu: "Hizo ni daftari za watoto!"

Je, mama yule aliiba? Hoja ya mume si ya kudharauliwa. Gunia ni akiba ya nyumba nzima, na makonzi mawili leo, mawili kesho, mwisho halijai. Walakini mikono iliyozichuma ni ya mama. Sheria ya Musa ilikataza kumfunga kinywa ng'ombe apuraye nafaka, sembuse mtu? Tena asiyeonja kazi yake husahau uzuri wake. Atachuma mbichi na mbivu pamoja, kwani kwake zote ni uzito wa mizani tu.

Mimi ningetenga kibaba kimoja mwanzo wa mavuno, kwa shauri la wote wawili, asiwepo wa kuchota kwa siri. Lakini ni rahisi kwangu kusema: sizinunui daftari zile, bali ndimi nizidaiye kila muhula. Wala siku ile sikumtetea mama. Nalikitazama kikombe changu, nikakimaliza kimya.