Usivuke Chalbi Mwezi wa Nne

Somo: Matendo 27:9–44, Hesabu 9:15–23



Wengi mmeuliza: "Pasta, mbona safari ya misheni ya kaskazini imetolewa likizo ya Aprili ikapelekwa Agosti? Kwani imani imeenda wapi?" Ni swali zuri, na linafaa kujibiwa kwa Neno, si kwa uamuzi wa kamati peke yake.

Tumwangalie Paulo. Meli iko Bandari Nzuri, kisiwani Krete. Siku za kufunga zimeshapita, yaani msimu salama wa kusafiri baharini unaisha. Paulo anawaonya: tukiendelea, tutapata hasara ya mizigo, ya meli na hata ya maisha yetu. Akida anamsikiliza nani? Nahodha na mwenye meli. Na wengi wanapiga kura waende. Kisha upepo mwanana wa kusini unavuma, kila mtu anasema, si mnaona, mambo ni sawa! Muda si muda, Eurakilo inashuka. Watu 276 wanakaa usiku 14 bila kujua kama wataona nchi kavu.

Angalieni jambo hili. Aliyesema "tungoje" ndiye aliyekuwa na imani kubwa kuliko wote melini. Malaika alisimama karibu naye, si karibu na nahodha. Kwa hiyo kungoja msimu si woga. Paulo huyo huyo alimwandikia Timotheo afanye bidii kumfikia kabla ya majira ya baridi, na akamwambia Tito kwamba ameamua kukaa Nikopoli wakati huo wa baridi. Mtume alikuwa na kalenda!

Sasa turudi kwetu. Jangwa la Chalbi liko kati ya Marsabit na Ziwa Turkana. Zamani lilikuwa ziwa. Likikauka, ni uwanja mpana, mgumu, mweupe kwa chumvi, na gari linapita vizuri. Lakini Machi hadi Mei ni mvua ya masika, na Oktoba hadi Desemba ni vuli. Hapo uwanja ule hugeuka tope, lori linazama hadi ekseli. Na si lazima mvua ikunyeshee wewe. Ikinyesha Mlima Marsabit au vilima vya Huri, maji yanateremka mpaka Chalbi. Uko chini ya jua, mbingu iko safi, na njia iliyo mbele yako tayari imeharibika. Ule ndio upepo mwanana wa kusini, ndugu yangu. Usipime safari kwa anga iliyo juu ya kichwa chako tu.

Kuna sababu nyingine, na kwangu ndiyo kubwa zaidi. Tunaenda kwa nani? Ndugu zetu Wagabra ni wafugaji wa ngamia. Mvua ikinyesha, familia nyingi huhama na mifugo kufuata malisho mapya. Kiangazi kikikaza, wanarudi karibu na maji ya kudumu, sehemu kama Kalacha, Maikona na North Horr. Tukienda Aprili, tunaweza kufika na vipaza sauti vyetu tukute wenyeji wamehama. Tena tukikwama, ni nani atakuja kutuvuta? Ni wao, waache ngamia wao na watugawie maji yao. Hiyo si misheni, hiyo ni kuwapelekea wenyeji mzigo.

Halafu kuna pesa. Mama mmoja anauza sukuma hapa sokoni, anatoa shilingi 200 kwa ajili ya safari hii. Mimi nilisomea biashara, lakini hesabu hii haihitaji digrii. Ile 200 ikiishia kulipia trekta la kuvuta lori kwenye tope, tutamwambia nini? Ni kweli, Mungu aliwaokoa watu wote 276. Lakini meli ilivunjika na mizigo ikaenda. Neema iliokoa watu. Hasara ilibaki kuwa hasara.

Lakini sikilizeni upande wa pili, maana najua wengine mmeshaanza kutabasamu. Kungoja si kulala. Mhubiri 11 inatuonya kwamba anayetazama upepo tu hatapanda kamwe. Kwenye Hesabu 9, wingu likikaa siku mbili, au mwezi, au mwaka, Israeli walikaa. Lakini lilipoinuka, waliondoka, hata kama ni usiku. Hakuna aliyeambiwa afungue mizigo akasahau safari. Paulo naye alikaa Malta miezi mitatu, msimu ulipofunguka akapanda meli nyingine akafika Roma. Alichelewa, lakini alifika, na akahubiri.

Kwa hiyo Agosti tunaenda. Agosti si rahisi: joto la mchana kule ni kali, na upepo una vumbi. Tutasafiri asubuhi mapema na jioni, mchana tupumzike kivulini. Tutabeba maji yetu wenyewe ya kututosha na ya akiba, tayari za ziada, na hatutatuma gari moja peke yake. Kabla ya kuondoka Marsabit tutawauliza wenyeji hali ya njia, na wakisema ngojeni, tutangoja. Usiwe kama akida, aliyemsikiliza mwenye meli akamwacha mtu wa Mungu.

Na wewe unayesoma hii nyumbani, huenda Chalbi yako si safari. Labda ni mkopo unaotaka kuchukua, duka unalotaka kufungua, au ndoa unayoharakisha kwa sababu wengi wamepiga kura. Uliza: huu ni msimu gani? Nani ananionya, na kwa nini simsikilizi? Kama jibu ni ngoja, ngoja ukijiandaa. Wingu likiinuka, usibaki hemani.

Mungu awabariki.