Neno la Kuaga

Mwenye kazi ng'ambo arudiye kwao likizo huaga mara mbili. Mara ya kwanza huaga kwa matumaini, kwa kuwa hajaujua uchungu wa kutengana. Mara ya pili huaga hali anaujua. Nilipokuwa nikifunga sanduku nyumbani Tanga ili nirejee kazini Ulaya, mwanangu mdogo aliniuliza, "Baba, utarudi lini?" Nikamjibu, "Karibuni." Nami nilijua kuwa mkataba wangu ulinipa likizo moja kila miaka miwili.

Je, uongo wa huruma ni halali? Wengi husema kuwa mtoto hastahili kutwikwa mzigo wa hesabu. Lakini mwenye kungoja asiyejua muda hukaa mlangoni kila siku. Aujuaye hupata nafasi ya kucheza na kulala. Huruma ya jibu langu ilinipumzisha mimi, si yeye.

Tena, kurudi si mali ya msafiri. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, alisafiri kurudi kwao mwaka 1905 pamoja na mkewe Mjerumani. Serikali ya kikoloni ilikataa washuke pamoja Dar es Salaam. Akarejea Ujerumani, akafa huko mwaka 1927. Basi mwenye kuahidi na aahidi nia yake, si bahati yake.

Nilimwita mwanangu nikamwambia, "Masika mawili yatapita, Mungu akipenda, nitakuja." Alilia sana, kisha akauliza masika huanza lini. Machozi yale yalikuwa haki yake, wala sikuwa na ruhusa ya kumnyima.