Kusema kwa Kipimo cha Sikio

Katika miaka ya 1990, mtu mwenye kompyuta mbili aliyetaka kuhamisha mafaili bila kuhangaika na disketi aliweza kuziunganisha kwa waya mmoja tu. Waya huo ulichomekwa nyuma, katika tundu la printa lenye nafasi 25 za pini. Kompyuta za siku hizi, aghalabu, hazina tundu hilo.

Tundu lile liliundwa kwa ajili ya kuamuru. Lilikuwa na njia 8 za kupeleka data, lakini za kupokelea ishara 5 tu, kwani printa haikutarajiwa kusema mengi: nina kazi, karatasi zimekwisha, kuna hitilafu, basi. Ukizikutanisha kompyuta mbili za namna hiyo, umekutanisha wasemaji hodari wenye masikio membamba. Ikabidi nyaya zipishanishwe, njia za kusemea za mmoja ziingie katika zile za malalamiko za mwenzake. Baiti moja ina biti 8, nayo haikuweza kupita nzima. Ilikatwa vipande viwili vya biti 4, na njia ya tano ikawa ya kuashiria. Nusu ya kwanza ikienda, msemaji husubiri mpokeaji aashirie kwamba ameipata, ndipo apeleke ya pili.

Je, mwenye kujua mengi ana wajibu wa kujipunguza kwa ajili ya asiyeweza kupokea mengi? Mkufunzi mmoja wa hisabati chuoni kwetu alishikilia kuwa hapana: huko ni kumdhulumu mwanafunzi mwepesi na kumdekeza mzito.

Mimi naona kuna kupunguza, na kuna kugawa. Mwalimu anayemwambia mtoto kwamba 3 kutoa 5 haiwezekani amepunguza ukweli. Siku mtoto atakapokutana na namba hasi, itabidi abomoe alichojengewa. Lakini baiti ile iliyokatwa huungwa tena upande wa pili, biti zote 8 zikiwapo. Kilichopotea ni muda tu. Kwangu mimi, wajibu ni wa kugawa, si wa kupunguza.

Tena kuna ile ishara. Walimu wetu huuliza, "Mmeelewa?" na darasa zima huitikia, "Ndiyooo!" Huo ni mwangwi wa sauti ya mwalimu mwenyewe, haueleze kilichofika.

Hata hivyo, waya ule uliunganisha kompyuta mbili tu. Mwalimu ana watoto 60 mbele yake, na akimngoja mmoja, 59 wanangoja naye. Hapo mwenzangu alikuwa na hoja, na sijapata bado la kuimaliza. Wanachuo wangu niliwaagiza tu kwamba kabla ya kufuta ubao, wawasimamishe watoto watatu wa dawati la nyuma, waeleze somo kwa maneno yao.