Mnyama Chini ya Ghala: Mipaka ya Haki ya Mwenye Mali

Kicheche mwenye milia wa Amerika ya Kaskazini, Mephitis mephitis kwa jina la kisayansi, huishi kuanzia kusini mwa Kanada hadi kaskazini mwa Meksiko, na hupenda sana kujifanyia makao chini ya majengo ya shamba. Ghala lililoinuliwa kidogo juu ya ardhi, banda la kuku lenye sakafu ya mbao, kibanda cha zana: vyote humpa giza, ukavu na paa asilolijenga yeye. Mkulima humgundua kwa harufu, au kwa shimo dogo lililochimbwa kando ya msingi. Hapo huzuka swali ambalo dini na falsafa zimelishughulikia kwa karne nyingi: mwenye jengo ana haki gani juu ya uhai wa mnyama aliyehamia humo bila kukaribishwa?

Hukumu ya haki huanza kwa kumjua anayehukumiwa. Kicheche huyu ana ukubwa wa paka wa nyumbani, manyoya meusi, na milia miwili myeupe inayotoka kisogoni na kushuka mgongoni. Silaha yake ni tezi mbili zilizo chini ya mkia, ambazo hurusha majimaji yenye salfa hadi umbali wa meta 3 hivi. Harufu hiyo hudumu siku nyingi, na majimaji yakiingia machoni humfanya mtu asione kwa muda. Hata hivyo akiba yake ni ndogo, na ikiisha humchukua wiki moja au zaidi kuijaza upya, kwa hiyo hairushi ovyo. Huanza kwa kuonya: hukanyagakanyaga ardhi kwa miguu ya mbele, hufoka, huinua mkia, kisha hujikunja hadi uso na makalio vyote vinamwelekea adui. Anayerudi nyuma wakati huo kwa kawaida huachwa salama. Kicheche wa Afrika Mashariki, Ictonyx striatus, ni wa familia nyingine lakini ana rangi zile zile na silaha ya aina ile ile, na mfugaji wa kuku wa Kenya au Tanzania anayemkuta chini ya banda hukabiliwa na swali lile lile.

Faida na hasara zake kwa shamba zote ni za kweli. Usiku hufukua mabuu ya mbawakawa yanayokula mizizi ya nyasi, na hula panya, panzi na mizoga. Usiku huo huo anaweza kula mayai na vifaranga, au kukwaruza mzinga ili nyuki watoke awale. Hasara kubwa kuliko zote ni kichaa cha mbwa. Katika Amerika ya Kaskazini vicheche ni miongoni mwa wanyamapori wakuu wanaobeba virusi vya ugonjwa huo, na dalili zikishaonekana kwa binadamu kifo ni karibu hakika. Mkulima mwenye watoto na mbwa uani ana sababu ya haki ya kuogopa, na maadili yoyote yanayodharau hofu hiyo hayafai kufundishwa.

Jibu la kwanza linalotolewa mara nyingi ni la umiliki: jengo ni langu, kilichomo ni changu kukifanyia nipendavyo. Hoja hii ni dhaifu hata kwa mujibu wa sheria. Tangu enzi za Warumi, mnyama wa porini amehesabiwa kuwa hana mwenyewe mpaka akamatwe. Mwaka 1805 mahakama ya New York, katika kesi maarufu ya Pierson na Post, iliamua kwamba hata kumfukuza mbweha kwa mbwa na farasi hakumfanyi kuwa mali ya anayemfukuza. Baadaye majimbo ya Marekani yalijenga juu ya msingi huo kanuni kwamba wanyamapori ni amana inayoshikwa na serikali kwa niaba ya wananchi wote. John Locke, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, alieleza mali kuwa ni tunda la kazi ya mtu. Kwa kipimo hicho mkulima anamiliki mbao, misumari na sakafu alizozifanyia kazi, lakini mnyama aliyelala chini yake hakutokana na kazi ya mkulima. Kwa hiyo umiliki unampa haki juu ya mahali, yaani haki ya kusema kwamba mnyama asiishi hapo. Haki ya kumuua, ikiwa ipo, lazima itafutiwe chanzo kingine.

Dini zinazomwamini Mungu mmoja zimeliweka jambo hili mahali pa juu zaidi. Kitabu cha Mwanzo humpa binadamu mamlaka juu ya viumbe, lakini sura inayofuata humkabidhi bustani ailime na kuitunza, na mamlaka yasiyotunza hugeuka kuwa uporaji. Katika Uislamu, Sura ya Al-An'am huwahesabu wanyama kuwa ni umma mfano wa binadamu, na binadamu ni khalifa anayesubiri kuulizwa. Dini hizi hazikatazi kabisa kuua mnyama mdhurifu. Hadithi mashuhuri inataja watano wanaoruhusiwa kuuawa hata ndani ya Haram, wakiwemo panya, nge na mbwa mwenye kuuma. Lakini hadithi nyingine, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, inasimulia habari za nabii mmoja aliyeumwa na sisimizi akaamuru kijiji kizima cha sisimizi kichomwe moto, naye akalaumiwa na Mwenyezi Mungu kwa kuangamiza umma kwa kosa la mmoja. Ruhusa ya kuzuia madhara, basi, haienei kwa asiyedhuru, wala haiondoi wajibu wa kupima.

Jambo moja limesisitizwa kwa namna ya pekee katika mapokeo hayo: uhusiano wa mama na watoto. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inamkataza anayekuta kiota kumchukua mama pamoja na makinda. Abu Dawud amepokea hadithi ya masahaba waliochukua makinda mawili safarini. Mama yao akaja akitapatapa kwa mbawa, na Mtume akaamuru makinda yarudishwe. Amri zote mbili zinahusu wanyama wa porini, wasio na mwenyewe na wasio na faida kubwa kwa yeyote. Kilichowapa kinga ni hali yao: kizazi kisichoweza kujitegemea, na mama asiyeweza kukiacha.

Wanafalsafa walichelewa kufika hapo. Descartes, katika karne ya 17, aliwaona wanyama kama mitambo. Kant alikubali kwamba ukatili kwa mnyama ni kosa, ila kwa sababu unamfanya mtu awe mkatili kwa watu, hoja ambayo Thomas wa Akwino aliitoa tangu karne ya 13. Jeremy Bentham, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1789, ndiye aliyehamishia uzito kwa mnyama mwenyewe: kinachohesabika ni uwezo wake wa kuumia, si uwezo wake wa kufikiri au kusema. Hoja hiyo inamhusu kicheche moja kwa moja, kwa kuwa maumivu ya njaa na hofu hayahitaji lugha. Mwaka 2011 Sue Donaldson na Will Kymlicka wa Kanada waliongeza jambo linalolingana vizuri zaidi na ghala la shamba. Wanyama wengi, walisema, hawafugwi wala hawaishi mbali porini. Wanaishi katikati yetu kwa sababu sisi wenyewe tumewajengea mazingira yanayowafaa. Hao hawana haki zote za mwenye nyumba, lakini si wavamizi; ni wakazi, na mkazi haondolewi kama takataka.

Hoja hizi zikiunganishwa zinatoa kanuni moja. Mwenye jengo anaruhusiwa kuondoa madhara, kwa njia nyepesi kuliko zote zinazotosha. Fiqhi ya Kishafii, ambayo ndiyo iliyozoeleka katika pwani ya Afrika Mashariki, imeiweka wazi katika mlango wa kujikinga na mshambuliaji, awe mtu au mnyama: aanze na lililo jepesi, na asiende kwenye zito ila jepesi likishindikana. Kwa kuwa kicheche anaweza kutolewa akiwa hai, kumuua kwa sababu tu ni usumbufu ni kuruka ngazi zote na kuanzia ya mwisho.

Hata njia iliyo nyepesi haipimwi bila kujua majira. Vicheche wa Amerika ya Kaskazini hupandana Februari na Machi. Watoto, kwa kawaida 4 hadi 6, huzaliwa Mei au mwanzoni mwa Juni wakiwa vipofu, hufumbua macho baada ya wiki 3 hivi, na hawaanzi kumfuata mama yao nje mpaka wiki ya 6 au ya 8. Mkulima akiziba shimo mwezi Septemba mnyama akiwa nje, amefunga mlango wake tu. Akiziba shimo lile lile kwa wavu ule ule mwanzoni mwa Juni, mama ataachwa nje akikwaruza na watoto watakufa njaa gizani, siku baada ya siku. Tendo ni moja, nia inaweza kuwa moja, na hukumu ni mbili. Ndiyo maana kumjua mnyama ni sehemu ya wajibu wenyewe. Hawezi kujitetea kwa kutojua mtu ambaye angeweza kuuliza kabla hajachukua nyundo.

Utaratibu unaofuata kanuni hiyo unajulikana vizuri. Jioni hunyunyizwa unga wa ngano mbele ya shimo. Asubuhi nyayo huonyesha kama kuna anayeingia na kutoka: vidole vitano, na mbele ya vidole vya miguu ya mbele alama za kucha ndefu za kuchimbia. Ikiwa ni majira ya watoto, husubiriwa mpaka waanze kutoka na mama yao, kwa kawaida kufikia mwezi Agosti. Kisha hufungwa kijimlango kinachofunguka kwa nje tu, na unga hunyunyizwa tena kwa usiku kadhaa mpaka pawe hakuna nyayo zinazotoka. Baada ya hapo huzibwa kabisa kwa wavu wa chuma uliozikwa kina cha sentimeta 30 hivi na kukunjwa chini kuelekea nje, ili anayechimba akutane nao.

Ipo njia inayoonekana kuwa ya huruma zaidi, nayo ni kumnasa mnyama na kumwachilia mbali. Majimbo mengi ya Marekani yameikataza kwa vicheche, na kwa sababu nzuri. Mnyama huachwa mahali asipojua maji wala maficho, mara nyingi penye vicheche wengine. Akiwa na virusi, amepelekewa jirani. Na akiwa na watoto, wamebaki chini ya sakafu. Huruma inayomtuliza mtendaji na kumwachia mwingine madhara bado haijatimiza haki.

Kuua kunaruhusiwa pale ambapo madhara ni makubwa na njia nyingine hazitoshi. Kicheche anayepepesuka, anayeshambulia bila kuchokozwa, au aliyemuuma mtu au mnyama, ni hatari kwa uhai wa watu, na maofisa wa afya au wa wanyamapori huitwa. Katika hali hiyo kifo cha haraka humhurumia hata mnyama mwenyewe, kwa kuwa kichaa cha mbwa hakimwachi hai. Bado namna ya kuua ina masharti. Hadithi iliyo katika Sahihi Muslim inaamuru ihsani hata katika kuchinja na kuua, na sumu inayotesa kwa saa nyingi, au moshi unaofukizwa ndani ya shimo lenye watoto, haviwezi kuitwa ihsani.

Pingamizi lenye nguvu ni kwamba haya yote yanamgharimu mkulima muda na fedha, ilhali kosa si lake. Gharama ni ya kweli, na serikali inayowatangaza wanyamapori kuwa amana ya umma ina wajibu wa kumpa ushauri na msaada. Lakini mara nyingi kosa si la mnyama peke yake pia. Nafaka zilizomwagika, mayai yasiyookotwa jioni, chakula cha mbwa kilichoachwa nje na msingi wenye mwanya ndivyo vilivyomwita. Usipoziba ufa utajenga ukuta: wavu uliozikwa kabla mnyama hajafika ni rahisi kuliko mlango na wiki za kusubiri, na haumdhuru yeyote. Wajibu wa mwenye mali, kwa hiyo, unaanza kabla ya mgogoro. Azibe mapema. Akichelewa, asubiri majira, amtoe mnyama akiwa hai, na asiue ila pale uhai wa watu au mifugo unapokuwa hatarini na njia nyepesi zimekwisha.