Likizo ya Mama Mkulima

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 kwa malipo, na hadi saa 2 kila siku za kumnyonyesha mtoto. Ni haki, nasi twaisifu. Lakini mama wa Kisanga, wilayani Kilosa, alimaye tangu alfajiri, mtoto mgongoni na wengine watatu wakimfuata, ataomba likizo kwa nani? Mwajiri wake ni shamba, na mvua haingoji. Basi deni hilo latuangukia sisi akina baba: kuchota maji, kuogesha watoto, kukoroga uji. Asemaye hiyo si kazi ya mwanamume, na atujibu: je, watoto hao si wake?