Mawe Mawili Katika Mfuko Mmoja



Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 25, Mungu aliwakataza Waisraeli wasibebe katika mfuko mmoja mawe mawili ya kupimia, moja kubwa na moja dogo. Mfanyabiashara mwenye mawe mawili alinunua kwa jiwe zito na kuuza kwa jiwe jepesi. Mama zetu wanaouza maharagwe sokoni wanaijua hila hii: kopo ambalo kitako chake kimebonyezwa ndani linaonekana sawa na mengine, lakini halijai sawa. Tunalichukia sana kopo hilo tukiwa wanunuzi.

Swali langu ni hili: tunapowahukumu wanasiasa, tunatumia kopo gani?

Tuchukue mfano wa Kongo. Mwezi wa Aprili 2020, Vital Kamerhe, mkuu wa ofisi ya Rais Tshisekedi, alikamatwa mjini Kinshasa na kupelekwa gereza la Makala. Alishtakiwa kwamba alihusika katika wizi wa karibu dola milioni 50 za mpango wa siku mia moja, pamoja na fedha za nyumba za watu maskini. Juni 2020 alihukumiwa miaka 20. Juni 2021 mahakama ya rufaa ikapunguza adhabu kuwa miaka 13. Juni 2022 akaachiliwa kwamba hana hatia. Mwaka 2023 akawa waziri wa uchumi, na Mei 2024 akachaguliwa spika wa Bunge, kiti alichokiacha Septemba 2025.

Kamerhe ni mtoto wa Kivu Kusini, na sisi tuliotoka huko tunajua jinsi anavyopendwa. Sipo hapa kumhukumu. Mahakama ilimwachilia, na sheria inamhesabu kuwa hana hatia. Nauliza juu yetu. Alipofungwa, wapenzi wake walisema mahakama za Kongo ni za wakubwa, hazina haki. Alipoachiliwa, walisema haki imeshinda. Wapinzani wake walisema vilevile, kwa kugeuza: haki ilikuwepo 2020 na ikafa 2022. Ni nchi ileile na mahakama zilezile. Ni wangapi kati yetu, upande huu au ule, waliouliza ushahidi ulisema nini? Tulikuwa na hukumu yetu tayari mfukoni kabla hakimu hajafungua kinywa.

Kisha Mei 2025 Mahakama ya Katiba ilimhukumu Matata Ponyo, waziri mkuu wa zamani, mtu wa Maniema, miaka 10 ya kazi ngumu kwa fedha za shamba kubwa la Bukanga Lonzo. Yeye alikuwa upande wa upinzani. Wewe uliyemlilia Kamerhe, ulisema nini siku hiyo? Na wewe uliyemlilia Matata, ulisema nini mwaka 2020? Jibu lako ndilo kopo lako.

Wengine watajibu: "Lakini mtu wetu anaonewa! Wezi ni wengi, mbona ameshikwa yeye peke yake?" Hoja hii si ya kudharau, maana mara nyingi ni kweli. Tuangalie hapa Malawi tunapohifadhiwa. Rais Bakili Muluzi alimaliza muda wake 2004, akamwachia kiti Bingu wa Mutharika. Mwaka 2005 Bingu alikihama chama cha UDF kilichomweka madarakani, akaunda DPP. Mwaka 2006 Muluzi akakamatwa kwa kesi ya kwacha bilioni 1.7, kesi iliyokokotwa mpaka 2023 ilipofutwa bila kufikia hukumu. Watu wa UDF waliita kisasi, wale wa DPP wakaita vita dhidi ya rushwa.

Ndugu, haya ni maswali mawili, wala tusiyachanganye. La kwanza: je, fedha ziliibwa, na nani aliziiba? La pili: kwa nini ameshtakiwa huyu na wengine wameachwa? La pili ni swali zuri na lazima liulizwe, lakini haliwezi kulijibu la kwanza. Kama wezi kumi waliiba mbuzi wa kijiji na ameshikwa mmoja kwa sababu ana ugomvi na chifu, chifu amekosa, na yule mwizi pia amekosa. Dawa ni kuwatafuta wale tisa. Ukimwachilia huyu mmoja kwa sababu ni wa ukoo wako, wamebaki kumi, na mbuzi hawajarudi. Anayelia ni mwenye mbuzi, naye hana chama.

Basi tutajipimaje? Nabii Nathani alitufundisha njia. Daudi alipokuwa amemchukua mke wa Uria na kumwua mumewe, Nathani hakuanza kwa kutaja jina. Alisimulia juu ya tajiri mmoja aliyemnyang'anya maskini kondoo wake wa pekee. Daudi akawaka hasira, akatoa hukumu kali papo hapo. Kumbe mfalme alijua vizuri mema na mabaya! Kilichomfumba macho ni jina, jina lake mwenyewe. Nathani aliliondoa jina, na Daudi akaona.

Nasi tufanye hivyo. Ukisikia habari ya kiongozi redioni, ondoa jina, chama na kabila. Sema tu: mtu fulani alipewa fedha za nyumba za maskini, na nyumba hazikuonekana. Toa hukumu yako. Kisha rudisha jina. Kama hukumu imebadilika, mfukoni mwako mna mawe mawili.

Kanisa la Malawi limetuachia mfano. Machi 1992 maaskofu Wakatoliki walitoa barua iliyokemea maovu ya utawala wa Kamuzu Banda, ikasomwa makanisani nchi nzima, nao wakaitwa na polisi kuhojiwa. Hilo halikuwa jambo dogo: mahali hapa tunapoishi pamewahi kuwa gereza ambamo utawala huo uliwafungia wapinzani wake, kabla ya kuwa kambi mwaka 1994. Lakini maaskofu hawakunyamaza baada ya Kamuzu kuondoka. Mwaka 2010 walimwonya Bingu, ingawa alikuwa Mkatoliki mwenzao. Machi 2024 waliandika tena juu ya hali mbaya ya nchi chini ya Rais Chakwera, ambaye mwenyewe alikuwa mchungaji. Wenye madaraka walibadilika, jiwe la kupimia likabaki moja.

Sisi wakimbizi ni wageni, hatupigi kura Lilongwe. Kwa nini basi jambo hili lituhusu? Kwa sababu lilitukimbiza nyumbani. Penye mawe mawili ya kupima fedha, kesho yatapima damu. Wa kwetu akiua, tunasema alijitetea. Wa kwao akiua, tunasema ni mauaji. Kila upande ukahesabu maiti zake tu. Leo Mkongo, Mrundi na Mnyarwanda tunachota maji kwenye bomba moja hapa Dzaleka, na kila mmoja amebeba hesabu yake. Watoto wetu wanasikiliza tunavyozungumza jioni. Wakisikia kwamba wizi wa mtu wetu si wizi, watajifunza pia kwamba kifo cha mtu wa upande wa pili si kifo.

Tuanze na yaliyo karibu. Tunapochagua viongozi wa kambi, wa kanisa, wa kwaya na wa vikundi vya akiba, tudai hesabu kwa wote, tukianza na wale tunaowapenda. Kumwuliza ndugu yako fedha zimekwenda wapi si kumsaliti. Ni kumtendea kama mtu mwenye roho ya kuokolewa. Nathani hakuwa adui wa Daudi. Alikuwa rafiki wa kweli kuliko wote waliokuwa wakimpigia makofi ikuluni, na kwa neno lake Daudi alitubu.

Kwa vikundi vya maombi wiki hii: someni 2 Samweli sura ya 12. Kisha kila mtu aseme jambo moja baya lililotendwa na kiongozi wa upande wake mwenyewe, bila kuongeza neno "lakini".

Mungu atupe jiwe moja, na moyo wa kulitumia. Amina.