Nyota ya Nani Ni Baridi?

Stima ikipotea Bulapesa, anga ya Isiolo hufunguka. Tuko karibu sana na ikweta, kwa hiyo usiku wa Januari kundi la Orioni hupita karibu na utosi. Upande mmoja kuna Betelgeuse, nyekundu. Upande wa pili Rigel, ya buluu.

Bomba za hotelini zimetuzoesha kwamba nyekundu ni moto, buluu ni baridi. Nyota ni kinyume. Uso wa Betelgeuse una kelvini kama 3,500, wa Rigel kama 12,000. Jua letu lina 5,800 hivi. Muulize fundi chuma: chuma huanza kuwa chekundu, na moto ukizidi huelekea weupe.

Lakini hiyo Betelgeuse "baridi" ingeyeyusha mabati yote ya mtaa wetu. Baridi, ukiilinganisha na nini? Hilo ndilo swali ambalo hatukuuliza kuhusu binamu yangu.

Alitafuta kazi miaka miwili, wapi. Nyumbani tukasema nyota yake ni baridi. Shangazi akataka kumpeleka kwa mtu wa kusafisha nyota, kwa pesa. Mimi msomi nikacheka. Lakini si hata mimi nilikuwa nikisema hivyo hivyo? Tena nilikuwa na namba ya jamaa anayeajiri. Sikupiga. Niliogopa binamu asije akaniaibisha.

Sisemi bahati haipo. Hakuna aliyechagua azaliwe wapi, na nani. Ila kuna bahati, na kuna simu ambayo hukupiga, na tunaziita zote mbili nyota ili tulale vizuri. Ukisema mtu hana nyota, umejitoa kwenye kesi. Mshtakiwa anabaki mbingu, na mbingu haijitetei.

Wazee wa Kiborana wajuao hesabu ya siku, ayyantu, hulinganisha mwezi na nyota kama Kilimia ndipo waseme leo ni siku gani. Wanatazama kwanza, halafu wanasema. Sisi tulisema kwanza, na kutazama hatukutazama.

Jirani yetu Mkikuyu hucheka tukitaja nyota, maana kwao neno hilo ni kiu. Siku hizi nikimkumbuka binamu, naona jirani ndiye aliyekuwa sahihi. Nyota alikuwa nayo, ile ya Kikikuyu. Na mimi nilikuwa nimeshika kikombe.